Fulana ya Kuzuia Risasi: Mambo Yanayomhusu Mama wa Askari

 

Mada ya leo huenda ikakushangaza kidogo. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya chanjo, uji wa mtoto na chandarua. Leo tunazungumza juu ya fulana ya kuzuia risasi, ile nguo nzito ambayo askari polisi huvaa kifuani. Utasema, "Je, hayo si mambo ya Serikali na wakubwa wa polisi?" Ni kweli kwamba Serikali ndiyo hununua. Lakini mwili unaovaa ni wa mtoto uliyemzaa wewe, au wa mume wako. Pengine ni mwili wako mwenyewe, kwa maana akina mama wengi ni askari siku hizi, na kuna anayemaliza kunyonyesha alfajiri kisha akafunga mshipi na kwenda lindo.

Mama mmoja alituuliza swali ambalo ndilo lililozaa mazungumzo haya. Kijana wake alimaliza mafunzo kule Kiganjo na akapelekwa kaskazini. Yeye nyumbani hapati usingizi. Kuna mtu mjini amemwonyesha fulana nyeusi, akamwambia hii inazuia risasi yoyote ile. Mama anataka kuuza mtamba wake aliye na mimba ili amnunulie mwanawe. Je, auze?

Mama, usiuze kwanza. Hebu tuelezane.

Hakuna fulana ya kuzuia risasi yoyote ile. Anayekuambia hivyo ama hajui ama anataka ng'ombe wako. Kila fulana imetengenezwa kukabili risasi za aina fulani, na ikikutana na risasi yenye nguvu zaidi, hupenya. Kwa hiyo swali la kwanza huwa ni hili: huyu askari anakwenda kukabili nini?

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni fulana laini. Ndani yake mna tabaka nyingi za kitambaa kigumu sana kilichofumwa kwa nyuzi za pekee. Risasi ikigonga, nyuzi huikamata na kusambaza nguvu yake, kama wavu wa goli unavyoukamata mpira. Fulana hii huzuia risasi za bastola. Ndiyo humfaa askari wa trafiki, askari wa doria mjini, na mpelelezi anayevaa shati juu yake. Huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi.

Aina ya pili huwa na mabamba magumu yanayoingizwa kwenye mifuko ya mbele na nyuma. Mabamba hayo hutengenezwa kwa chuma, kwa kauri, au kwa plastiki ngumu ya pekee. Haya ndiyo huzuia risasi za bunduki ndefu. Risasi ya AK-47 au ya G3 huenda kasi kuliko ya bastola, na ina ncha kali. Fulana laini peke yake haiwezi kuizuia. Tunarudia hapo kwa sababu ndipo watu hupotelea: fulana laini haizuii risasi ya AK-47.

Sasa fikiria kule anakopelekwa kijana. Novemba mwaka wa 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibiwa. Mwaka wa 2014 wengine karibu 20 waliuawa Kapedo. Silaha zinazotumiwa katika wizi wa mifugo pande hizo ni bunduki ndefu. Askari wa huko akipewa fulana laini pekee, amevaa mzigo unaompa moyo lakini hauwezi kumsaidia kwa risasi anayoitarajia. Na askari wa mjini akibebeshwa mabamba mazito kila siku bila sababu, ataumwa na mgongo, na mwishowe ataivua fulana na kuiacha garini.

Utajuaje ni aina gani? Soma lebo. Kila fulana halali ina lebo ndani yake, kwenye kipande chenyewe cha kinga wala si kwenye kitambaa cha nje tu. Huonyesha aliyetengeneza, tarehe ya kutengenezwa, saizi, kiwango cha kinga, na upande unaopaswa kuelekea mwilini. Viwango vinavyotumika sana duniani ni vya Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, iitwayo NIJ kwa kifupi. Kwa miaka mingi waliandika IIA, II na IIIA kwa fulana za bastola, kisha III na IV kwa mabamba ya bunduki. Novemba mwaka wa 2023 walitoa utaratibu mpya. Sasa herufi HG ni za bastola, yaani HG1 na HG2, na herufi RF ni za bunduki ndefu, kutoka RF1 hadi RF3. Utakuta lebo za zamani na mpya pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo zijue zote. Fulana isiyo na lebo iwache hapo hapo ilipo, hata kama bei ni ya kutupa.

Na yale mabamba ya chuma yanayokatwa na mafundi wa kuchomelea? Tunaheshimu mafundi wetu wa jua kali, sufuria na majiko yao yanatulisha. Lakini hili si jiko. Chuma cha kawaida hupenywa. Hata kile kigumu kisichopenywa, kama hakikufunikwa vizuri, risasi ikipasuka juu yake vipande huruka juu kwenye shingo na kidevu cha aliyevaa.

Kwa mama aliyeuliza, jibu letu ni hili. Kwanza kijana amuulize mkubwa wake wa kituo ni fulana gani zimetolewa kwa kazi ya pale, na kama ana haki ya kuvaa nyingine. Vifaa vya polisi vina taratibu zake, na kununua kimya kimya kunaweza kumletea matatizo. Mtamba abaki zizini mpaka jibu lipatikane.

Tuseme kidogo habari za kitambaa chenyewe, kwani hapa kuna mkono wa mwanamke. Mwaka wa 1965, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, mwanakemia Stephanie Kwolek aligundua nyuzi ambazo baadaye ziliitwa Kevlar. Kwa uzito ule ule, zina nguvu mara 5 kuliko chuma cha pua. Mama yake Kwolek alikuwa mshonaji, na yeye mwenyewe alipenda vitambaa tangu utotoni. Fulana za nyuzi hizo zilianza kujaribiwa kwa polisi wa Marekani mwaka wa 1975, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo askari mmoja wa Seattle aliyepigwa risasi dukani aliokolewa na fulana yake. Tangu hapo waliookolewa huko wamepita 3,000, na baadhi yao hawakupigwa risasi kabisa: waligonga kifua kwenye usukani katika ajali ya gari. Mama wa dereva wa polisi, hilo ni lako.

Turudi kwa mwili. Fulana nzuri ya kiwango kinachofaa inaweza kukosa kazi kwa sababu moja tu, haimtoshi mtu. Ikiwa kubwa, huacha nafasi kwapani na hupanda kooni akiketi. Ikiwa ndogo, mbavu hubaki wazi, na kupumua huwa shida anapokimbia.

Unaweza kumsaidia kuipima hapo nyumbani. Mwambie aivae juu ya nguo atakazovaa kazini, na mshipi wake wote kiunoni. Asimame wima. Ukingo wa juu wa mbele uwe chini kidogo ya kile kishimo cha koo, karibu vidole viwili. Ukingo wa chini uishie vidole viwili au vitatu juu ya mshipi. Wengine hudhani fulana inapaswa kufika chini kabisa kufunika tumbo lote. La. Ikifika mshipini, akiketi itasukumwa juu na kumkaba. Kando kando, kipande cha mbele kipande kidogo juu ya kile cha nyuma, pasiwe na uwazi. Kisha aketi kwenye stuli, ainame kama anayefunga kamba za viatu, ainue mikono mbele kama anayelenga, avute pumzi ndefu. Kama anakunja uso katika lolote kati ya hayo, fulana hiyo hataivaa saa 8 mfululizo.

Bamba nalo lina mahali pake. Kazi yake ni kulinda moyo na mishipa mikubwa, kwa hiyo ukingo wake wa juu hukaa usawa wa kishimo cha koo. Wengi hulilegeza likashuka mpaka kitovuni kwa sababu ni zito. Hapo limelinda ugali na kuacha moyo.

Kwa askari wa kike, jambo hili ni kubwa zaidi, na kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili. Fulana nyingi zilichorwa kwa kifua cha mwanamume. Mwanamke akiivaa, huinuka juu ya matiti na kuacha pengo chini na kwapani, au hubana mpaka hawezi kupumua vizuri. Ziko fulana zilizokatwa kwa umbo la kike, na dada yetu ana haki ya kuomba apimwe na kupewa inayomtosha. Kuomba hivyo si kudeka.

Mama anayenyonyesha ajihadhari na kubanwa. Fulana inayogandamiza titi kwa saa nyingi huzuia maziwa kutoka, na sehemu hiyo huwa ngumu, nyekundu, yenye joto na maumivu. Homa ikifuata, ni uvimbe wa titi unaohitaji matibabu, kwa hiyo aende kliniki mapema. Asiache kunyonyesha, kwani kutoa maziwa ndiyo sehemu ya tiba. Amnyonyeshe mtoto au akamue kabla ya kuingia zamu, avae sidiria isiyobana, akamue tena katikati ya zamu. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Na mjamzito? Tumbo linapoanza kukua, hakuna namna ya kuivaa fulana ya kawaida vizuri. Amweleze mkubwa wake mapema ili apewe kazi ya ofisini.

Jambo la joto nalo. Lodwar, Garissa, Mandera, hata Mombasa yenye unyevu, fulana hugeuka kuwa blanketi. Jasho halikauki, na mwili hushindwa kujipoza. Askari anywe maji kabla hajasikia kiu, na aendelee kunywa kidogo kidogo. Ndani avae fulana nyepesi ya pamba, na awe na nyingine ya kubadilisha. Akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza, apelekwe kivulini, avuliwe vazi hilo akiwa mahali salama, alowanishwe maji na kupepewa. Akianza kusema ovyo au kuzimia, hiyo ni dharura ya hospitali, wala msimlazimishe kunywa akiwa hana fahamu.

Tunasisitiza joto kwa sababu joto ndilo huwafanya waivue. Oktoba mwaka wa 1997, huko London, konstebo mmoja wa kike aliivua fulana yake ya kinga ili apate nafasi ya kuvunja mlango wa nyumba. Mtu aliyekuwa ndani alimchoma kisu, akafa. Fulana ilikuwa karibu, lakini haikuwa mwilini. Na kwa kuwa tumetaja kisu, jua pia kwamba fulana ya risasi si lazima izuie kisu. Ncha nyembamba hupita katikati ya nyuzi zinazokamata risasi. Kinga ya kisu ina kipimo chake tofauti, na lebo husema kama ipo.

Sasa tuingie nyumbani, maana hapa ndipo mama mwema anaweza kuharibu kitu kwa nia njema. Fulana imerudi inanuka jasho. Utafanya nini? Usiitumbukize yote kwenye karai.

Kwanza, mwenyewe atoe vipande vya kinga kutoka kwenye mfuko wa kitambaa. Mfuko huo wa nje ndio hufuliwa kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa. Ufuliwe mara kwa mara, kwani jasho lililokauka huleta vipele na choa kifuani na mgongoni. Vipande vya kinga hupanguswa tu kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, kisha huachwa vikauke ndani ya nyumba, vikiwa vimelazwa. Visilowekwe. Visitiwe Jik. Visipigwe pasi. Visianikwe juani, kwa sababu mwanga wa jua hudhoofisha nyuzi hizo. Visikunjwe wala kusukumwa chini ya godoro. Wakati wa kuvirudisha, ule upande ulioandikwa kuwa wa mwilini uelekee mwilini. Kama ganda linalofunika kipande limepasuka hata kidogo, usilishone wala kulibandika, kirudishwe kituoni kikaguliwe.

Bamba la kauri lisiangushwe. Linaweza kupata ufa usiouona kwa macho, kama sahani iliyogongwa ambayo hungoja siku ya wageni ndipo ipasuke. Likianguka, aseme.

Joto na unyevu si mchezo kwa vitu hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000, fulana nyingi Marekani zilitengenezwa kwa nyuzi mpya zilizoitwa Zylon, nyepesi na za kupendeza. Juni mwaka wa 2003 risasi ilipenya fulana ya askari mmoja huko Pennsylvania, risasi ambayo fulana ile ilitakiwa kuizuia. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuzi hizo hudhoofika kwa joto na unyevu, na Agosti mwaka wa 2005 NIJ ikaacha kuzitambua fulana hizo. Kwa hiyo ukiuziwa fulana ya mtumba, tazama mwaka na kitambaa. Nyingi huwa na dhamana ya miaka 5. Na hata ile nzuri isiachwe kwenye buti ya gari kutwa nzima juani.

Kuna jambo moja la watoto ambalo wengi hawalijui. Askari akitoka kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, nguo zake na fulana hubeba vumbi la risasi, na vumbi hilo lina madini ya risasi, yaani ledi. Ledi huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na hata kidogo tu kina madhara. Baba akirudi siku hiyo, asimbebe mtoto kwanza. Avue nguo za kazi na viatu nje au penye mlango, anawe mikono na uso kwa sabuni, abadilishe. Nguo hizo zisikung'utwe ndani, na zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi. Mjamzito naye ajiepushe na vumbi hilo. Fulana iwekwe juu, mbali na watoto. Bamba la kilo 3 likianguka kwenye mguu wa mtoto litavunja vidole.

La mwisho ni la hospitali. Fulana ikizuia risasi, haizuii pigo lote. Wanapoijaribu fulana huiweka juu ya udongo laini na kuipiga risasi, na udongo ukibonyea hadi milimita 44 bado hukubaliwa. Fikiria kifua kikibonyea hivyo. Askari anaweza kusimama, akacheka, akasema ni alama ya bluu tu, kumbe ubavu umevunjika, au mapafu, moyo au ini limejeruhiwa ndani. Kila aliyepigwa risasi juu ya fulana aende hospitali siku hiyo hiyo. Akipumua kwa shida, akikohoa damu, tumbo likivimba, au mkojo ukiwa na damu, msingoje asubuhi. Na fulana iliyopigwa haivaliwi tena, hata kama tundu ni dogo.

Shingo, kwapa, mikono, nyonga na mapaja hubaki wazi hata kwa fulana bora. Damu ikitoka hapo, gandamiza kwa nguvu na kitambaa safi bila kuachilia, na kama kitambaa kimelowa ongeza kingine juu yake. Usichungulie kila mara kuona kama imekoma. Kwa mkono au mguu unaobubujika damu, funga kwa kukaza sana juu ya jeraha, upande wa mwilini, na mwambie daktari ulifunga saa ngapi.

Kama una swali juu ya haya, tuletee kabla ya kipindi cha wiki ijayo, ambapo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto. Kwaheri kwa sasa.